Jinsi ya kufundisha watoto wa primari kuokoa nishati na kulinda wanyamapori kwa pamoja

Walimu wengi wanazifundisha hizi mada mbali mbali, wiki hii umeme, mwezi ujao wanyama, matokeo yake mtoto anakariri "zima taa" na "tusiue wanyama" ila ukimuuliza vinahusiana wapi anabaki kukodoa macho. Mi naona uchague kitu kimoja kinachobeba yote mawili na ambacho mtoto anakiona kila siku, na hakuna kizuri kama taa ya usiku.

Siku ya kwanza usiongelee mazingira kabisa. Wape homuweki tu: jioni wakae na mtu mzima karibu na taa ya nje au dirishani, dakika 10 zinatosha, wachore wadudu wote wanaozunguka taa na yeyote anayekuja kuwala. Kesho yake utaletewa nondo, kumbikumbi kama mvua imenyesha, mjusi aliyejibanza ukutani, na lazima kuna mmoja atasema kaona popo. Sasa uliza, hawa wangekuwa wapi kama taa isingewaka? Waache wabishane kwanza, alafu ndo uwaambie kwamba mdudu akishanaswa na mwanga anazunguka mpaka anachoka au analiwa, hapati nafasi ya kula wala kutafuta mwenzake, na nondo wengi ndo wanaochavusha maua yanayofunguka usiku. Vimulimuli nao wanaitana kwa kuwaka na kuzima, pakiwa na mwanga mkali hawaonani vizuri.

Somo la pili ni mchezo wa kasa, hapa usibane muda maana ndo penyewe. Vifaranga vya kasa kwa kawaida vinatoka kwenye mchanga usiku na vinafuata upande wenye mwanga zaidi, ambao bila taa za watu huwa ni bahari inayoakisi mwezi na nyota. Funga mapazia darasa liwe na giza kiasi (sio giza totoro, watakanyagana), weka tochi hafifu upande mmoja iwe bahari, watoto wachuchumae katikati na sheria iwe moja tu: nenda kwenye mwanga mkali kuliko wote. Raundi ya kwanza wote wanafika baharini wakishangilia. Raundi ya pili washa tochi kali upande wa pili, useme hii ni hoteli ya ufukweni. Wote wanaelekea hotelini. Usieleze kitu, waulize tu wao wangekuwa wenye hoteli wangefanyaje. Watakuja na kuzima, kufunika taa kwa juu ili imulike chini, kupunguza ukali, na ukiwa na karatasi nyekundu ya kung'aa ifunge kwenye tochi uwaambie taa za rangi nyekundu au chungwa zinawachanganya kasa kidogo kuliko nyeupe. Jaribuni kila wazo kwa raundi yake. Hapo hujataja kuokoa umeme hata mara moja lakini karibu kila jibu walilotoa linapunguza umeme.

Ndo sasa uingie kwenye nishati yenyewe. Ukipata balbu ya zamani ya waya na ya LED ziwashe, mtoto asogeze kiganja kwa mbali bila kugusa. Ile ya zamani inachoma kwa sababu umeme mwingi unaishia kuwa joto, mwanga ni sehemu ndogo tu. Darasa la 4 kwenda juu wanaweza kupiga hesabu, balbu ya wati 60 ikiwaka masaa 10 inakula yuniti 0.6, LED ya wati 9 yenye mwanga unaokaribiana inakula 0.09. Wadogo wa darasa la 1 na la 2 achana na wati kabisa, joto la kiganjani linawatosha. Mita ya shule pia itumieni, wiki moja msome namba kila siku saa ile ile bila kubadili chochote, wiki ya pili muwe na askari wa swichi wa zamu anayezima taa, feni na chaja zilizoachwa, alafu mlinganishe.

Hatua ya umeme unatoka wapi wengi wanairuka, au wanadanganya kidogo. Usimwambie mtoto akizima taa moja ameokoa tembo, atakuja kukushtukia. Mwambie ukweli, makaa ya mawe yanachimbwa ardhini na ardhi hiyo ilikuwa makazi ya viumbe, bwawa la umeme linaweza kuwazuia samaki wanaopanda mto kwenda kutaga, kwa hiyo hata umeme usiotoa moshi una gharama yake, na tukitumia kidogo tunahitaji migodi na mabwawa machache. Kwa familia zinazopikia kuni au mkaa mfano mzuri ni hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa. Jike wa aina nyingi za hondohondo anaingia kwenye shimo la mti mkubwa, mlango unazibwa kwa udongo na kinyesi unabaki ufa mwembamba tu, na dume anamlisha kupitia huo ufa, hata mayai yakishaanguliwa anaendelea kuleta chakula. Mti mzee wa namna hiyo ukikatwa, mche utakaopandwa kesho hautakuwa na shimo kwa miaka mingi sana. Watoto wanapenda hii stori kupita maelezo, ila ukiisimulia usiwanyooshee kidole wenye jiko la mkaa nyumbani, ongelea jiko sanifu, kufunika sufuria na kuloweka maharage kabla ya kupika.

Na tafadhali, wanyama wasikamatwe kuletwa darasani, hata mjusi. Wachorwe walipo.

Kupima kama wameelewa, mpe kila mtoto karatasi achore mnyororo kuanzia kwenye swichi mpaka kwa mnyama mmoja aliyemchagua, kila mshale uwe na sababu yake. Akiweza mishale mitatu yenye sababu yuko vizuri, akiandika "tunza mazingira" kwenye kila mshale mrudishe kwenye tochi na kasa, safari hii yeye ndo awe mwenye hoteli.