Kadi ya mpiga kura haitoshi kwenye uchaguzi wa mtaa

Nimeona majirani wakirudishwa na kadi zao mkononi. Uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania una orodha yake, tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linalotoa kadi hizo, na huandikwa upya katika kila mtaa na kitongoji. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa siku 10 tu, Oktoba 11 hadi 20, kwa kura ya Novemba 27. Jiandikishe unapoishi, kisha orodha ikibandikwa rudi uisome kwa kidole, mstari kwa mstari, maana jina lililokosewa hurekebishwa wakati huo, siyo kwenye foleni ya kura. Ukihama baadaye haisaidii: utapiga kura kulekule ulikoandikwa. Siku yenyewe, chukua kitambulisho.