SOMO: Msamaha wa matibabu kwa mtoto aliyevuka miaka mitano (Dar es Salaam)

Wiki hii nimeulizwa mara nne: "Mtoto wangu ana miaka saba, naambiwa bure ni chini ya mitano tu, nifanyeje?" Naandika leo kwa kirefu. Atakayeuliza tena mleteni hapa.

Tangu uchangiaji wa matibabu uanze mwaka 1993, misamaha iko ya namna mbili. Ya kwanza ni ya makundi: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wagonjwa wa TB, UKIMWI, ukoma. Hii wengi wanaijua. Ya pili, ambayo pia imo kwenye Sera ya Afya ya 2007, ni ya mtu asiyeweza kulipa, awe na umri wowote. Hapo ndipo wazazi wengi wanajiondoa wenyewe. Unauza vitumbua, unalala chumba kimoja na watoto watatu, halafu unasema "mimi si maskini wa kusaidiwa". Nenda ukaulize. Kuamua ni kazi ya afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

1. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu. Ukihitaji kupanda juu, upande na barua ya rufaa.

2. Ukifika hospitali, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii KABLA ya kwenda dirisha la malipo. Amana, Temeke na Mwananyamala zote zinayo. Kama ni dharura, mtoto atibiwe kwanza na ndugu mwingine aende ustawi.

3. Barua ya serikali ya mtaa. Hapa niliharibu mimi, kwa hiyo someni taratibu. Mwanangu alivunjika mkono akiwa na miaka minane. Nikakimbia kwa mjumbe, nikaenda kwa mtendaji wa mtaa, nikapewa barua yenye muhuri. Sikuisoma. Ilisema mimi ni mkazi wa mtaa ule, basi. Ustawi wakanirudisha, maana ukazi si hali ya maisha. Ilikuwa Ijumaa jioni, ofisi ya mtaa imefungwa. Jumamosi niliuza cherehani nikalipa. Jumatatu nimekuja na barua sahihi, nikaambiwa pesa iliyokwishalipwa hairudi. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa inatulisha.

Kwa hiyo, ukiwa bado mbele ya mtendaji, hakikisha barua imetaja: jina la mtoto kama lilivyo kwenye faili la hospitali (si jina la nyumbani), mnaishi wangapi, unafanya kazi gani, na kwamba kaya haina uwezo wa kugharamia matibabu haya. Iwe na tarehe, muhuri na namba ya simu ya mtendaji, maana ustawi wanaweza kumpigia. Isome pale pale. Ikiwa na kosa, iandikwe upya kabla hujatoka.

4. Mahojiano. Sema kweli. Ukiingiza elfu nane kwa siku, sema elfu nane, kisha utaje kodi, chakula na nauli. Anayesema "sina kitu kabisa" huku anatoa simu kubwa mfukoni anajiharibia. Unaweza kusamehewa yote au sehemu.

5. Ukipewa fomu ya msamaha, piga picha, na uende nayo kila dirisha: maabara, mionzi, dawa.

MASWALI

Chuma_Tandika: Nitumie hiyo fomu inbox nijaze

Fomu inatoka ustawi, baada ya mahojiano. Hatua ya 4 na ya 5.

Mzee wa Kivule: Mimi nilienda nikakataliwa. Msiwape watu matumaini ya uongo.

Sijaandika popote kwamba kila anayeomba anapewa. Ulikwenda na barua inayosema nini?

Mzee wa Kivule: Ya utambulisho.

Basi soma tena hatua ya 3, kaka. Na urudi, kukataliwa mara moja hakukufungii mlango.

BintiSaku: Shikamoo mama. Mtaani kwetu barua wanadai elfu tano. Ni halali?

Marahaba mwanangu. Omba risiti ya serikali. Wakikosa risiti, usitoe, nenda kwa mtendaji wa kata umweleze. Nenda na mtu mzima mwenzako, mkiwa wawili mnasikilizwa zaidi.

Baba Watatu: Mama yao alifariki, nalea peke yangu, ni kibarua wa ujenzi. Naona huku wengi ni akina mama. Baba anasikilizwa?

Pole sana kaka, Mungu akutie nguvu. Unasikilizwa. Kinachoangaliwa ni hali ya kaya. Mwambie mtendaji aandike kwamba wewe ndiye mlezi pekee, na uchukue nakala ya cheti cha kifo kama unacho. Aliye chini ya miaka mitano nenda na kadi yake ya kliniki, umri unaonekana pale, huyo hahitaji kupita mlolongo huu. Ukikwama niandikie hapa hapa, nitakujibu hata usiku.

Neema wa Mbagala: Kaya yetu iko TASAF. Inasaidia?

Swali zuri. TASAF ni mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Nenda na kitambulisho cha mpango, kinaonyesha kaya ilishatambuliwa na mtaa wenyewe kuwa maskini. Na ukiwa na kijana anayeelekea chuo, tunza namba ya kaya, kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu inaulizwa.

Chuma_Tandika: TASAF nayo fomu yake bei gani?

Haiuzwi. Kaya zinatajwa kwenye mkutano wa mtaa, kisha zinajaziwa dodoso. Aliyekuuzia fomu amekuibia. Mkutano ukiitishwa, nenda ukae mbele.

Baba Watatu: Nimetoka kwa mtendaji sasa hivi. Aliandika "mkazi" tu, nikamwomba aongeze. Ameandika upya. Kesho saa moja niko ustawi.

Chukua na daftari la dawa za nyuma. Na wewe ule kabla hujatoka, foleni ni ndefu.