Kumtakia mtu heri ya kuzaliwa kwa Kilatini

Kadi ya namna hii huwafaa zaidi mapadri, waliopitia seminari na wapenzi wa mambo ya Roma. Usiiachie programu ya tafsiri. Mara nyingi huvuruga miisho ya maneno.

Hatua ya 1: kiini. Andika *Felicem diem natalem tibi exopto*, yaani nakutakia siku njema ya kuzaliwa. Siku ndiyo inayotakiwa, kwa hiyo *felix dies natalis* hubadilika miisho hivyo. Kwa mapacha weka *vobis* badala ya *tibi*. Ukitaka kifupi, *Felix sit dies natalis!*

Hatua ya 2: jina. Hapa ndipo wengi huteleza. Petro ni Petrus, lakini ukimwita ni *Petre*. Paulus huwa *Paule*. Antonius hukatwa mkia na kuwa *Antoni*, sawasawa na tunavyomwita sisi! Maria habadiliki. Juma na Neema waache walivyo.

Hatua ya 3: tarehe, ukipenda mbwembwe. Kwenye miaka ya 100 hivi, Claudia Severa alimwalika kwenye siku yake ya kuzaliwa rafiki yake Sulpicia Lepidina, aliyekuwa Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza. Barua iliandikwa kwa wino juu ya kibao chembamba cha mti, na tarehe yenyewe ni *III Idus Septembres*. Warumi walihesabu kurudi nyuma. Idus, yaani siku ya katikati ya mwezi, kwa Septemba ni tarehe 13, nayo huhesabiwa; III ni tatu: 13, 12, 11. Kwa hiyo sherehe ilikuwa tarehe 11, wala si 10. Machi, Mei, Julai na Oktoba, Idus ni tarehe 15. Miezi mingine yote ni 13.

Hatua ya 4: kufunga. Severa alifunga kwa *vale*, kwaheri ya Kirumi, na mistari hiyo ya mwisho aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kwa padri, tangulia na *Ad multos annos!*, umwombee miaka mingi.

Hatua ya 5: isome kwa sauti. Irabu ni kama zetu. Kanisani *felicem* husomwa "felichem". Warumi wa kale walisema "felikem". Chagua moja uishike mpaka mwisho. Na kwenye *annos* zikaze n zote mbili, maana ukimeza moja utakuwa umemtakia mzee wa watu sehemu za mwili zisizotajwa mezani.