Kuchagua waranti ya ziada ya gari: hatua nilizopita na mama mdogo hapa Tanga

Mama yangu mdogo anakaa Chumbageni. Mwezi uliopita alikuja gereji kwangu na karatasi tatu ndani ya bahasha. Alikuwa ananunua Toyota iliyotumika, injini ya 1,500 cc, na muuzaji wa Dar alimtaka achague waranti ya mwaka mmoja kati ya ya fedha, ya dhahabu na ya almasi. "Mwanangu, si nichukue tu hii ya almasi? Naona ndiyo kubwa." Nikamwomba aketi. Gari lake la kwanza nalo lilikuwa na waranti, na siku ilipohitajika haikutoa hata shilingi. Niliisimamia mimi ile kesi, ndiyo maana hatua ya nne hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Usichanganye waranti na bima

Bima ndogo humlipa mtu wa nje uliyemdhuru. Bima kubwa huongeza gari lako mwenyewe likigonga, likiungua au likiibwa. Gia boksi ikifa yenyewe, gari halijagusana na kitu, bima zote mbili hazikuhusu. Kazi hiyo ni ya waranti.

Hatua ya 2: Nani atalipa?

Usiangalie nembo iliyo juu ya karatasi. Tafuta jina la anayeahidi kulipa.

Akiwa mtengenezaji wa gari kupitia wakala wake, hiyo ni nyongeza ya waranti ya kiwandani. Gari jipya mara nyingi huja na miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, na nyongeza huanzia pale. Kama unaweza kuipata, ichukue, mimi sioni ya kuishinda. Akiwa muuzaji mwenyewe, jua kwamba duka likifungwa ahadi inakwenda nalo. Akiwa kampuni ya tatu, ambayo haikutengeneza gari wala haikukuuzia, uliza kama nyuma yake ipo kampuni ya bima. Ukijibiwa ipo, pata jina lake kwa maandishi, kisha uliza Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kama imesajiliwa. Faida yake ni kwamba mkigombana na kampuni ya bima unaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa ahadi ya muuzaji mtaani njia hiyo huna.

Hatua ya 3: Sahau fedha, dhahabu na almasi

Majina hayo kila muuzaji anajitungia. Swali la kuuliza ni hili: karatasi inaorodhesha vinavyolipiwa, au inaorodhesha visivyolipiwa? Siku moja kitaharibika kifaa ambacho hakikutajwa popote. Kwa karatasi ya namna ya kwanza utalipa wewe, kwa ya pili watalipa wao.

Ukishajua hilo, aina zinabaki tatu. Ya kwanza ni ya injini na gia: injini yenyewe, gia boksi, difu, na shafti zinazopeleka nguvu kwenye matairi. Ya pili ni orodha ndefu zaidi, inayoongeza stata, alteneta, kompresa ya AC, pawa stelingi, pampu ya mafuta na kadhalika. Ya tatu inalipa kila kitu isipokuwa vilivyotajwa, na kwa gari lililovuka miaka kumi usitegemee sana kupewa hiyo.

Ya almasi ya mama mdogo ilikuwa ya aina ya pili tu. Vifaa vingi, kurasa mbili nzima, lakini kikomo cha malipo kilikuwa shilingi 1,000,000 kwa kila tukio. Ya fedha ilikuwa injini na gia peke yake, kikomo 3,000,000. Nilimwambia wazi kwamba kwa gari la mtumba la Japani mimi huchukua orodha fupi yenye kikomo kikubwa, na sijawahi kubadili msimamo huo. Alteneta ikifa leo asubuhi, spea ya mtumba utaipata hapa mjini na jioni unaendesha. Gia boksi ndiyo inayomfanya mtu auze kiwanja.

Kama gari lina gia ya CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za meno, hakikisha CVT imeandikwa kwa jina. Likiwa haibridi, linalotumia petroli pamoja na umeme, betri kubwa ya haibridi nayo iandikwe kwa jina. Neno "gia" au "umeme" pekee halitoshi.

Hatua ya 4: Soma visivyolipiwa, neno kwa neno

Hapa ndipo tulipoumia, kwa hiyo nitasimulia yote.

Gari la kwanza la mama mdogo lilikuwa linapanda Lushoto kutoka Mombo, watu watano ndani na mizigo ya harusi. Kwenye kona za juu mshale wa joto ukapanda. Barabara ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Akaogopa kusimama, akaendelea mpaka alipopata pa kuegesha. Mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, ulikuwa umepasuka. Gari lilikuwa limechemsha vibaya, gasketi ya silinda hedi imeungua na hedi imepinda.

Waranti yake ilitaja silinda hedi na gasketi kwa majina, tukajua tumepona. Gari likavutwa hadi Tanga, nikalifungua. Ndani nikakuta pampu ya maji nayo ilikuwa ikivuja siku nyingi, na pampu pia ilikuwa kwenye orodha. Nikapiga picha, nikaandika madai.

Jibu lilikuja na sababu tatu. Kwanza, kilichoanza ni mpira, na mipira hailipiwi kwa kuwa huchakaa. Pili, dereva aliendelea kuendesha gari likiwa linachemsha. Tatu, gereji ilifungua injini kabla mkaguzi wao hajaiona. Kosa hilo la tatu ni langu na linaniuma mpaka leo. Nilipowaonyesha pampu, wakataka kumbukumbu za servisi. Nilizunguka Ngamiani siku mbili kumtafuta fundi aliyekuwa akimbadilishia oili, tena kwa uaminifu kila kilomita 5,000. Nikampata, akakumbuka kila kitu mpaka aina ya filta. Karatasi hakuwa nayo hata moja. Madai yakafa.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea mkataba ninatafuta mambo haya, na ninamtaka muuzaji ajibu kwa maandishi, kwa kuwa ya mdomoni siku ya madai hayasikilizwi.

Kifaa kisicholipiwa kikiharibu kinacholipiwa, mnalipa? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mpira wa bei ndogo unaweza kuua injini nzima, na mikataba mingi inaangalia kilichoanza kuharibika, haiangalii kilichoharibika zaidi. Wakikataa kulipa, usikate tamaa na mkataba moja kwa moja. Badilisha mipira yote, themostati na mkanda wa alteneta kwa fedha zako siku unayochukua gari, utunze risiti. Kama injini yako inatumia mkanda wa taimingi badala ya cheni, nao pia.

Servisi ifanyike wapi? Mikataba mingine inakubali gereji yoyote yenye risiti, mingine inataka gereji zilizo kwenye orodha yao. Kwetu Tanga jambo hili ni zito. Kama gereji zao zote ziko Dar, kila servisi ni safari ya kilomita 350 hivi kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Wasipokubali kuongeza gereji ya hapa, mimi sisaini. Wakikubali gereji yoyote, dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, yenye namba ya gari, kilomita zilizosomeka na aina ya oili. Fundi wako kama hana mashine ya EFD, nunua oili na filta kwenye duka linalotoa risiti, halafu piga picha ya dashibodi siku hiyohiyo ili kilomita na tarehe zionekane pamoja.

Gari likichemsha mkataba unasemaje? Karibu kila mkataba niliousoma unamtaka dereva asimame mara moja. Kwa hiyo simama, zima injini, weka pembetatu za tahadhari, piga simu. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka ipoe, maji yale huruka usoni.

Nani anaruhusiwa kufungua? Asifungue mtu hadi upewe ruhusa yenye namba ya madai. Mafundi wenzangu, hili ni letu. Mteja akisema ana waranti, weka spana chini kwanza.

Ubovu uliokuwepo kabla. Iko mikataba yenye siku 30 za kusubiri, na kinachoharibika ndani ya siku hizo hakilipwi. Pima gari kwa kompyuta kabla ya kusaini na utunze karatasi ya majibu, isije ikasemwa ulinunua gari bovu ukanyamaza.

Kutu. Sijaona mkataba unaoilipia, na sisi tunaishi na upepo wa chumvi. Soketi za umeme na rejeta huliwa taratibu. Osha chini ya gari kwa maji baridi ya bomba, hasa kama unalaza gari Raskazone au popote karibu na bahari.

Neno moja kuhusu video za mtandaoni. Nyingi ni za Marekani, ambako sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inamzuia mtoa waranti kukulazimisha utumie spea za chapa fulani, isipokuwa akikupa bure au apate kibali maalumu. Wateja wananijia wakiwa na uhakika kwamba haki hiyo wanayo. Sheria hiyo ni ya kwao. Hapa soma ulichosaini.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya siku mbaya

Tuseme gia boksi na kazi yake ni shilingi 2,500,000. Toa makato utakayolipa mwenyewe kila unapodai, tuseme 200,000. Toa gharama ya kuvuta gari kama mkataba hauilipi. Kama wanapunguza malipo ya spea kulingana na kilomita zilizotembea, toa na hiyo. Kinachobaki ndiyo thamani halisi ya waranti yako, na ndicho cha kulinganisha na bei yake.

Ikikaribiana sana na bei, acha. Fedha hizohizo weka benki kwa jina la gari. Kwa gari la injini ya kawaida, lenye spea nyingi mitaani, mara nyingi ndivyo ninavyoshauri.

Hatua ya 6: Kusaini

Piga picha dashibodi inayoonyesha kilomita, hakikisha namba ya chesisi kwenye mkataba inalingana na ya kwenye kadi ya gari, chukua nakala yenye mhuri.

Mama mdogo alichukua ya fedha. Kabla ya kulipa alimpigia muuzaji mbele yangu, akamtaka aongeze sentensi mbili: kwamba servisi inaweza kufanyika gereji yoyote ya Tanga yenye risiti ya EFD, na kwamba kuvuta gari hadi Dar ni juu yao. Ya kwanza wakaandika na kugonga mhuri. Ya pili waligoma, wakakubali nusu ya gharama. Mipira ya rejeta tulibadilisha Jumamosi iliyofuata, na risiti iko ndani ya bahasha ileile, kwenye droo ya gari.