Namna ya kukaa hotelini katikati ya Toulon: mwongozo kwa msafiri wa Lubumbashi

Mkaaji wa Lubumbashi anayesafiri kwenda Toulon, kusini mwa Ufaransa, awe anakwenda kwa masomo, kwa biashara au kumwona ndugu ambaye nyumba yake ni ndogo, atafanya vema kuchagua hoteli ya katikati ya mji badala ya ile ya pembezoni yenye bei nafuu. Toulon ni mji uliokuzwa na jeshi la majini. Katika karne ya 17 mhandisi Vauban alipanua karakana za manowari kwa ajili ya Mfalme Louis XIV, na hadi leo Charles de Gaulle, manowari ibebayo ndege za kivita, ina makao yake huko pamoja na nyambizi za mashambulizi za Ufaransa. Mambo mengi yanayomvuta mgeni yako kando ya maji, na anayelala mbali hutumia kwa nauli zile fedha alizodhani ameziokoa.

Katikati hapo kuna sehemu mbili, nazo hazifanani. Kati ya kituo cha treni na barabara pana ya Boulevard de Strasbourg yamo majengo makubwa ya karne ya 19 na uwanja wa Place de la Liberté, na kando ya barabara yenyewe lipo jumba la opera la mwaka 1862. Ng'ambo ya barabara hiyo, upande wa bandari, ndipo ulipo mji wa kale, wenye vichochoro vyembamba ambamo teksi haifiki kila mlango, na nyumba ambazo nyingine hazina lifti. Mwenye mizigo mizito, mzee au mama mwenye mtoto mchanga, namshauri sehemu ile ya kwanza, iliyo upande wa kituo, bila kusita. Kijana mwenye begi moja atafurahia mji wa kale, mradi aombe chumba kinachotazama ua wa ndani, kwa kuwa mitaa iliyo karibu na lango la jeshi, ambayo zamani mabaharia waliipa jina la Petit Chicago, ina baa, na kelele zake husikika usiku. Kutoka kituoni hadi gatini ni mwendo wa takriban robo saa kwa miguu, na njia yote ni mteremko.

Kabla ya kulipa, tazama kalenda ya raga. Uwanja wa Mayol uko hatua chache tu kutoka bandarini, na siku ambayo timu ya mji inacheza nyumbani vyumba huwa haba. Julai na Agosti pia ni miezi ya bei kubwa, maana baridi yetu ya Katanga huangukia kiangazi chao.

Hoteli huanza kukuhusu ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ombi la viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, linadai uthibitisho wa mahali pa kulala, pamoja na bima ya safari inayogharimia matibabu kwa kiasi kisichopungua euro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipelekwe zikiwa zimesalia chini ya siku 15. Chagua nafasi ambayo unaweza kuifuta na kurudishiwa fedha zako, kwani viza ikichelewa au ikikataliwa, hoteli isiyorejesha haitakuhurumia. Sisi Wakongo tuna majina matatu, na hapa ndipo wengi wanapokwama: andika majina kwenye nafasi ya hoteli kwa mpangilio uleule wa pasipoti, wala usiache hata moja.

Kuhusu fedha, sahau desturi yetu ya kulipa hoteli kwa dola. Kule hulipwa euro, na fedha za kwenye simu tunazozitegemea hapa hazitakufaa kitu. Hoteli nyingi huomba kadi ya benki ili zizuie kiasi fulani kama dhamana, na baadhi hukataa kadi zinazojazwa fedha mapema. Uliza jambo hilo kwa maandishi kabla ya kuondoka. Juu ya bei ya chumba huongezwa kodi ya ukaaji kwa kila mtu na kwa kila usiku, isipokuwa walio chini ya miaka 18.

Ufikapo mapokezi utapewa fomu ya polisi ya kujaza. Usishtuke wala usidhani umetiliwa shaka, kwa sababu sheria ya Ufaransa inaidai kwa kila mgeni asiye raia wa nchi hiyo. Chaja yako yenye pini mbili za duara itaingia ukutani bila adapta.

Kambi ya jeshi yenyewe haiingiliki ovyo, kwa hiyo manowari utaziona vizuri zaidi ukiwa majini. Vyombo vya matembezi huondoka gatini na kuzunguka ghuba huku mtangazaji akieleza. Mwenye fedha kidogo apande boti ya abiria iendayo La Seyne-sur-Mer, ambayo ni sehemu ya usafiri wa kawaida wa mji. Ukiwa hapo, kumbuka kwamba tarehe 27 Novemba 1942 Wafaransa walizamisha kwa mikono yao meli zaidi ya 70 katika bandari hiyo, ili Wajerumani wasizitwae.

Tenga pia nusu siku kwa mlima Faron, wenye urefu wa mita 584, unaopandwa kwa kibanda kinachoning'inia kwenye kamba za chuma. Juu yake ipo makumbusho ya majeshi yaliyoteremka pwani ya Provence, eneo ambamo Toulon imo, mwezi Agosti 1944 kuwafukuza Wajerumani, na kwangu hiyo ndiyo sehemu ambayo Mwafrika hapaswi kuikosa, kwa kuwa maelfu ya askari waliopigana kuikomboa Toulon walitoka katika bara letu. Muulize mhudumu wa mapokezi asubuhi kuhusu upepo wa mistral kabla hujatoka, kwa maana ukivuma sana vibanda husimamishwa, na itakubidi upange siku nyingine.