Jinsi ya kutazama seli zikigawanyika kwenye mzizi wa kitunguu

Kwa miaka niliyokaa maabara nimeona wanafunzi wengi wanaotaja hatua za seli kugawanyika, profezi, metafezi, anafezi na telofezi, bila kukosea, lakini ukiwauliza kromosomu, yaani nyuzi za DNA zinazobeba urithi, zimeelekea wapi wananyamaza. Nashauri uanze na hadubini. Majina yatakuja yenyewe.

Chukua kitunguu maji, ukate mizizi mikavu ya chini, kisha ukikalishe juu ya glasi ya maji, kitako tu kiguse maji. Badilisha maji kila siku. Baada ya siku mbili hadi nne mizizi mipya itafika sentimita 1 au 2. Kata ncha, uzilaze usiku kucha kwenye mchanganyiko wa alkoholi sehemu 3 na asidi ya asetiki sehemu 1. Seli hufia palepale zilipofikia, na ndiyo maana slaidi yako itakuwa picha, haitakuwa filamu.

Sasa ulainishe ncha hizo kwenye asidi ya haidrokloriki ya moli 1 kwa lita, yenye joto la nyuzi 60, kwa dakika 5 hivi. Vaa miwani na glavu. Hapo sina mjadala. Suuza kwa maji. Bakiza milimita 2 za mwisho tu, kwa sababu juu zaidi seli hurefuka bila kugawanyika, nawe utatafuta mpaka uchoke. Tia tone la rangi ya orsini, subiri dakika kadhaa, funika kwa kioo chembamba, gongagonga taratibu kwa kitako cha penseli, kisha kandamiza kwa kidole gumba juu ya karatasi ya kufutia. Usiruhusu kioo kiteleze hata kidogo. Slaidi nyingi huharibikia hapo.

Anza na lenzi ndogo, kisha panda hadi ukuzaji wa mara 400. Seli nyingi zitakuwa na kiini cha duara kilichotulia. Usizidharau: humo ndimo DNA hunakiliwa kabla ya mgawanyiko. Tafuta zile zenye nyuzi nene nyeusi. Kila kromosomu sasa ina nakala mbili zilizoshikana. Zikijipanga katikati ya seli, hiyo ni metafezi. Nakala zikiachana na kuvutwa pande mbili, ni anafezi, na kwangu hiyo ndiyo hatua ya kutafuta kwanza kwa kuwa haifanani na nyingine. Kitunguu kina kromosomu 16, na kila seli mpya hupata 16 zilezile. Hiyo ni mitosisi, na mzizi hurefuka kwa njia hiyo. Usihangaike kuzihesabu, kwenye slaidi ya kawaida hupandana.

Meiosisi hutaiona mzizini hata ukeshe. Hiyo hutengeneza seli za uzazi, kwa hiyo itafute kwenye vifuko vya chavua ndani ya tumba la ua ambalo halijafunguka. Hapa kromosomu zinazolingana, moja ya upande wa mama na moja ya upande wa baba, hukaa jozi na kubadilishana vipande. Mgawanyiko wa kwanza hutenganisha jozi. Wa pili hutenganisha nakala. Seli moja huzaa nne, kila moja ikiwa na kromosomu 8. Kwa binadamu ni kutoka 46 hadi 23, na yai likikutana na mbegu ya kiume hesabu hurudi 46. Ukiwa umeshika tofauti hiyo ya jozi na nakala, mengine ni rahisi.

Tatizo ni kulipata tumba la umri unaofaa. Kifuko kikishakuwa cha manjano, chavua imekwisha kukomaa. Pasua kilicho bado cha kijani au cheupe kinachopenyesha mwanga, kiponde ndani ya tone la orsini na utazame. Ukikuta seli zimekaa nne nne, umechelewa kidogo. Chukua tumba dogo zaidi kwenye shada hilohilo.