Mtoto anapata shida shuleni hapa Marekani? Omba tathmini kwa maandishi

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, ukiona mtoto anachelewa kusoma au kuongea usisubiri mwalimu akuite, na usiombe kwa mdomo tu pale mlangoni maana maneno hupotea, andika barua au imeili kwa mwalimu mkuu useme unaomba mwanao afanyiwe tathmini ya elimu maalum, weka tarehe, baki na kopi. Ni bure kabisa, sheria ya IDEA, ile ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ndo inasema hivyo. Watakupa fomu ya idhini, ukishasaini anza kuhesabu siku 60 za shule kumaliza tathmini (majimbo mengine yana muda wao), akionekana anahitaji msaada wana siku 30 za kuitisha kikao cha kuandika IEP, yaani mpango wa elimu wake yeye mwenyewe.

Kwenye kikao dai mkalimani wa Kiswahili, shule ndo inalipa, na mtoto asikutafsirie jamani, huo mzigo si wake. Halafu kutojua Kiingereza peke yake si ulemavu, wakikwambia ni ulemavu kataa, omba apimwe kwa lugha anayoielewa. Usisaini kitu hujakielewa, nenda nacho nyumbani ukisome. Mpango unapitiwa kila mwaka ila hata katikati unaweza kuomba kikao.